Dawa sita za kifafa: ipi imfae nani

Swali linaloulizwa kuliko yote kuhusu dawa za kifafa ni ipi yenye nguvu. Kwa dawa sita zinazotumika sana, yaani fenobabitali, fenitoini, kabamazepini, valproeti, lamotrijini na levetirasetamu, swali hilo halimfikishi mtu popote, maana dawa inayomtuliza huyu kabisa inaweza kumzidishia yule ugonjwa. Maswali yenye faida ni matatu, na mpangilio wake una maana: kifafa chenyewe ni cha aina gani, mgonjwa ni nani, kwa umri, jinsia, maradhi na dawa nyingine anazomeza, na je, dawa hiyo ataipata kila mwezi bila kukosa? Anayeruka swali la kwanza hubadilisha dawa moja baada ya nyingine, na mgonjwa anaendelea kuanguka.

Dawa ya kwanza ina uzito wa pekee. Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow walichapisha mwaka 2000 matokeo ya wagonjwa 470 waliokuwa hawajawahi kutibiwa. Asilimia 47 waliacha kushikwa kwa dawa ya kwanza, asilimia 13 kwa ya pili, na kwa ya tatu ni asilimia 1 tu. Ndiyo sababu mgonjwa aliyeshindwa na dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa dozi ya kutosha, huitwa mwenye kifafa sugu, na anapaswa kupelekwa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu badala ya kujaribishiwa ya nne na ya tano. Lakini neno "sawasawa" ndilo lenye kazi. Wengi wanaoitwa sugu walipewa dawa isiyo ya aina yao.

Kabla ya dawa, aina ya kifafa

Kwa kazi hii ya kuchagua, tenga makundi mawili. Kuna kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, hata kama baadaye husambaa na mgonjwa akaanguka, akakakamaa na kutikisika mwili mzima. Na kuna kile kinachoshika pande zote mbili za ubongo kwa pamoja tangu mwanzo. Anguko linafanana kwa yote mawili, hivyo aliyemkuta mgonjwa yuko chini tayari hawezi kusaidia sana. Kinachotofautisha ni sekunde za kwanza. Je, alihisi kitu kikipanda kutoka tumboni? Alisikia harufu ambayo wengine hawaisikii? Mkono mmoja ulitangulia kurukaruka, au kichwa kiligeukia upande mmoja? Hayo yote huelekeza kwenye sehemu moja. Video ya simu inashinda maelezo ya kumbukumbu: rekodi uso na mikono yote miwili, na usizime mpaka mgonjwa aanze kuongea tena.

Mahali watu wanapokosea sana ni kwa mtoto anayezubaa. Kuzubaa kwa kifafa cha utotoni kinachoshika ubongo wote hudumu sekunde 5 hadi 15, huanza na kuisha ghafla, na mtoto huendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Hali hiyo inaweza kujirudia makumi ya mara kwa siku. Kuzubaa kwa kifafa cha sehemu moja ni kurefu zaidi, nusu dakika hadi dakika mbili. Mtoto hutafunatafuna, hupapasa nguo, na kikiisha hubaki amechanganyikiwa au amechoka. Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo wa mtoto, mwambie akipulize kwa pumzi ndefu mfululizo kwa dakika 3, nawe umhesabie kwa sauti. Akiwa na zubao la aina ya kwanza, mara nyingi atakatika katikati: karatasi inatulia, macho yanakodoa, kope zinapepesa, kisha anapuliza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Usikifanye kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au pumu kali.

Kosa la pili liko kwa vijana. Kijana wa miaka 12 hadi 18 anaanguka asubuhi, hasa baada ya kukesha, na anaandikiwa kabamazepini kwa mazoea. Hakuna aliyemuuliza kama mikono humruka asubuhi hata kikombe au mswaki ukamponyoka. Yeye mwenyewe hataji, kwa kuwa anadhani ni uchovu tu. Aina hii ya kifafa huzidishwa na kabamazepini, na fenitoini nayo haifai. Uliza kuhusu mikono kila mara, kwa maneno hayo hayo ya kikombe na mswaki.

Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, husaidia kutenga aina, lakini kikitoka safi hakifuti kifafa. Maelezo ya aliyeshuhudia ndiyo msingi.

Dozi za mtu mzima kwa mtazamo mmoja

| Dawa | Kuanza kwa siku | Kiwango cha kawaida kwa siku | Mara kwa siku | Inafaa aina gani |
|---|---|---|---|---|
| Fenobabitali | mg 60 | mg 60–180 | 1, usiku | Zote mbili, isipokuwa mazubao |
| Fenitoini | mg 150–200 | mg 200–400 | 1–2 | Sehemu moja |
| Kabamazepini | mg 100–200 | mg 400–1400 | 2–3 | Sehemu moja |
| Valproeti | mg 400 | mg 600–2000 | 2 | Ubongo wote, pia sehemu moja |
| Lamotrijini | mg 25 | mg 100–200 ikiwa peke yake | 1–2 | Zote mbili, kwa tahadhari penye kurukaruka |
| Levetirasetamu | mg 250–500 | mg 1000–3000 | 2 | Zote mbili |

Watoto hupimiwa kwa kilo za uzito, na hesabu hiyo ifanywe upya kila uzito unapopanda. Mtoto aliyeanza na kilo 14 na sasa ana kilo 22 huku dozi ikiwa ile ile anaonekana kama dawa imemshinda, kumbe ameizidi.

Kabamazepini au lamotrijini: kifafa cha sehemu moja

Utafiti wa SANAD wa Uingereza, ulioongozwa na Anthony Marson wa Liverpool na kuchapishwa mwaka 2007, ulilinganisha dawa tano kwa wagonjwa 1721, wengi wao wakiwa na kifafa cha sehemu moja. Lamotrijini iliibuka mbele, zaidi kwa sababu wagonjwa waliivumilia na kubaki nayo. SANAD II ya mwaka 2021 ilipima tena, safari hii lamotrijini dhidi ya levetirasetamu na zonisamidi kwa wagonjwa 990, na lamotrijini ikabaki chaguo la kwanza. Kwa nguvu ya kuzuia, kabamazepini haiko nyuma. Mahali zinapoachana ni mwendo na madhara.

Lamotrijini ni ya polepole, na upole huo haukatwi. Ikiwa peke yake: mg 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha mg 50 kwa wiki 2, halafu unaongeza mg 50 hadi 100 kila baada ya wiki 1 au 2. Mgonjwa akiwa tayari anameza valproeti, ambayo huzuia ini kuisafisha lamotrijini, anza mg 25 siku moja ndiyo moja siyo kwa wiki 2, kisha mg 25 kila siku kwa wiki 2. Akiwa kwenye fenobabitali, fenitoini au kabamazepini, ambazo huharakisha usafishaji, na hamezi valproeti, anza mg 50 kwa siku kwa wiki 2, kisha mg 100 kwa siku kwa wiki 2. Anayekimbiza hatua hizi anakaribisha upele, na upele mbaya wa lamotrijini hubabua ngozi, midomo na macho na unaweza kuua. Kanuni inayosahaulika zaidi: mgonjwa akikosa dawa kwa siku 5 hivi au zaidi, haendelei alipoishia. Anarudi kwenye dozi yake ya kuanzia.

Kabamazepini inafika dozi ya kazi ndani ya wiki chache, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayeanguka kila juma. Ina tabia moja ya kuijua mapema: hulifundisha ini kuisafisha haraka zaidi. Mgonjwa anatulia wiki mbili za kwanza, halafu kati ya wiki ya 3 na ya 5 kiwango katika damu kinashuka na kifafa kinarudi, ingawa hakuacha kidonge hata kimoja. Hapo dawa haijashindwa, ni wakati wa kupandisha dozi. Akiona vitu viwili viwili au akipepesuka saa moja au mbili baada ya kumeza, igawe dozi mara tatu au mpe vidonge vinavyoachia dawa taratibu, ambavyo havisagwi wala kutafunwa. Nayo huleta upele mbaya. Kwa watu wenye asili ya Wachina wa Han, Thailand na maeneo jirani, hatari hiyo hufungamana na kinasaba cha HLA-B*15:02, na penye uwezo hupimwa kabla ya kuanza. Kwa wazee hushusha chumvi ya damu, hasa wakiwa pia kwenye dawa za kukojosha.

Kwa mzee, au mwanamke anayetarajia kuzaa, tunachagua lamotrijini bila kusita. Kwa mwanamume anayeanguka mara kwa mara na anayetaka nafuu mwezi huu, kabamazepini ina hoja yake.

Valproeti au levetirasetamu: kifafa cha ubongo wote

Hapa ushahidi umenyooka. SANAD II iliwalinganisha wagonjwa 520 wenye kifafa cha ubongo wote au kisichojulikana aina, na valproeti iliishinda levetirasetamu kwa kuwatuliza. Kwa mwanamume, basi, valproeti ni ya kwanza. Madhara yake hutokea taratibu: kunenepa, mikono kutetemeka, nywele kupungua. Yaliyo hatari ni machache lakini yafahamike: ini kushindwa kazi, hasa kwa watoto chini ya miaka 2 na wale wenye magonjwa ya kurithi ya mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati), na kongosho kuvimba. Mgonjwa wa valproeti anayetapika mfululizo, kusinzia isivyo kawaida au kupata manjano apimwe siku hiyo hiyo. Asiambiwe ni malaria na kurudishwa nyumbani. Vidonge vyenye gamba la nje visisagwe. Kwa mtoto tumia sharubati.

Levetirasetamu ni rahisi kuanza na haigombani na dawa karibu yoyote, kwa kuwa hutoka kupitia figo. Penye ugonjwa wa figo ni lazima dozi ipunguzwe. Udhaifu wake ni hasira na huzuni. Mtu mpole anakuwa mkali wiki chache tu baada ya kuanza, na familia inadhani ni kifafa au ni tabia. Uliza waziwazi, tena mwulize anayeishi naye. Aliyewahi kuugua sonona au kujaribu kujiua tungemtafutia nyingine.

Kwa mazubao ya utotoni kuna dawa ya saba inayostahili kutajwa, ethosaksimidi. Utafiti wa mwaka 2010 ulioongozwa na Tracy Glauser ulionyesha kuwa baada ya wiki 16 matibabu yalifaulu kwa asilimia 53 ya watoto waliopewa hiyo, asilimia 58 kwa valproeti, na asilimia 29 tu kwa lamotrijini. Ethosaksimidi ilivuruga umakini wa mtoto kidogo kuliko valproeti, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kwa mtoto anayezubaa tu bila kuanguka.

Fenobabitali au fenitoini: za zamani na za bei nafuu

Fenobabitali iliingia katika tiba ya kifafa mwaka 1912 kupitia daktari Mjerumani Alfred Hauptmann, na fenitoini mwaka 1938 kupitia Houston Merritt na Tracy Putnam wa Marekani. Umri si aibu. Katika vijiji vya China, zaidi ya wagonjwa 2400 walitibiwa kwa fenobabitali na wahudumu wa afya ya msingi. Ripoti ya mwaka 2006 ilionyesha kuwa kwa asilimia 68 ya waliomaliza mwaka mzima, kushikwa kulipungua kwa nusu au zaidi. Dawa inayopatikana kila mwezi inaishinda ile bora inayokosekana miezi mitatu kwa mwaka, na kwa hilo fenobabitali inastahili heshima kuliko inavyopewa.

Hukaa mwilini muda mrefu, hivyo kidonge kimoja usiku kinatosha, na kusahau mara moja hakuleti balaa. Kwa sababu hiyo hiyo, usihukumu dozi mpya kabla ya wiki 2 hadi 3. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Kisichopungua kwa baadhi ya watoto ni utundu uliopindukia na kushuka darasani. Mtoto mwenye matatizo ya tabia au ulemavu wa akili apewe nyingine kama ipo. Hatari kubwa iko kwenye kuikatisha ghafla: kifafa hurudi kwa mfululizo usiokatika.

Fenitoini inahitaji mkono mwepesi. Ini lina ukomo wa kuisafisha, na dozi ikishafika karibu na ukomo huo, nyongeza ndogo hupandisha kiwango cha damu kupita kiasi. Kutoka mg 300 kwenda mg 400 kwa hatua moja kunaweza kumtoa mtu kwenye kiwango salama cha mg 10 hadi 20 kwa lita hadi kwenye sumu. Ukifika mg 300, ongeza mg 25 au 50 tu, usubiri wiki 3 hadi 4. Dalili za kuzidi huonekana kwa macho: mwambie mgonjwa afuate kidole chako pembeni, mboni zitatikisika, mwambie atembee kwa mstari, atapepesuka, ulimi utakuwa mzito. Akisukwasukwa hivyo asiongezewe dawa kwa kudhani kifafa kimezidi. Ikitumika miaka mingi, huvimbisha fizi na kuotesha nywele usoni, jambo zito kwa msichana. Kusafisha meno vizuri hupunguza uvimbe wa fizi.

Kati ya hizi mbili, penye uchunguzi wa damu na ufuatiliaji wa karibu fenitoini inamfaa mtu mzima asiyeweza kuvumilia usingizi. Penye kituo kidogo na safari ndefu, fenobabitali ni salama zaidi kuiendesha.

Mwanamke anayeweza kupata mimba

Hapa mpangilio wote unapinduka. EURAP, rejista ya kimataifa ya mimba za wanawake wanaomeza dawa za kifafa, katika ripoti yake ya mwaka 2018, iliona kasoro kubwa za kuzaliwa kwa asilimia 10.3 ya watoto waliokuwa tumboni mama akimeza valproeti. Kwa fenobabitali ni 6.5, fenitoini 6.4, kabamazepini 5.5, lamotrijini 2.9 na levetirasetamu 2.8. Kwa valproeti dozi huamua sana: ikizidi mg 1450 kwa siku, hatari hufika asilimia 25. Zaidi ya kasoro za mwili, valproeti hupunguza akili ya mtoto na kuongeza usonji. Msichana asianzishwe valproeti kwa kuwa tu "bado mdogo". Atakua akiwa juu yake, na kumtoa baadaye ni kazi ngumu zaidi. Lamotrijini au levetirasetamu zitangulie, pamoja na asidi ya foliki kabla ya mimba. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitoa tahadhari mwaka 2024 kwa wanaume pia, kuhusu valproeti katika miezi mitatu kabla ya kutunga mimba.

Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Kitanzi cha shaba na sindano ya miezi mitatu vinabaki imara. Kwa lamotrijini mambo ni kinyume: vidonge vyenye estrojeni hushusha kiwango chake kwa karibu nusu. Mimba nayo hukishusha, hivyo dozi hupandishwa miezi inavyokwenda, na baada ya kujifungua ishushwe ndani ya wiki chache kabla mama hajaanza kupepesuka na mtoto mikononi.

Aliyekwisha kushika mimba akiwa kwenye valproeti asiache kwa hofu usiku huo. Amwone daktari haraka, maana kuanguka mfululizo kunaweza kumuua yeye na mtoto.

Penye dawa nyingine

Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hushusha dawa nyingi za kufubaza VVU, dolutegraviri ikiwemo. Ikiwa haiwezekani kuepuka kabamazepini, dolutegraviri hutolewa mg 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kwa mgonjwa wa VVU levetirasetamu ni tulivu kuliko zote. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha lamotrijini. Mwenye ugonjwa wa ini aepuke valproeti. Mwenye kipandauso pamoja na kifafa anaweza kunufaika nayo kwa yote mawili, kama si mwanamke wa umri wa kuzaa.

Kubadilisha na kuacha

Kubadilisha hakumaanishi kuacha leo na kuanza kesho. Ongeza dawa mpya hadi ifike dozi ya kazi, ndipo ushushe ya zamani kwa hatua. Fenobabitali ishushwe kwa mg 15 hadi 30 kwa mwezi. Kabla ya yote hesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, kwa sababu dawa inayodaiwa kushindwa mara nyingi haikumezwa.

Kuacha kabisa hufikiriwa baada ya miaka 2 au zaidi bila kushikwa. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wa mwaka 1991, kwa wagonjwa 1013 waliotulia kwa miaka 2, ulionyesha kuwa miaka 2 baadaye asilimia 78 ya walioendelea na dawa walikuwa bado salama, na asilimia 59 ya walioacha. Mtoto aliyekuwa akizubaa tu ana nafasi nzuri ya kuacha. Kijana wa kuponyokwa na kikombe asubuhi ana nafasi ndogo sana, na ni haki yake kuambiwa hivyo mapema, kabla hajajaribu peke yake. Anayeacha afanye hivyo kwa miezi 2 hadi 3 au zaidi, dawa moja kwa wakati, na katika kipindi hicho asiendeshe chombo cha moto, asiogelee peke yake wala kupanda juu ya paa.